Picha za mababu ziko Ulaya na Marekani. Majina yao yako wapi?

BUTEMBO – Mtu akifa katika komini ya Bulengera, kabla hata sanduku halijanunuliwa, kuna kijana anayetumwa kutafuta picha. Anafungua simu ya marehemu, anauliza wajomba na mashangazi, na akikosa anachukua kadi ya uchaguzi na kuipeleka kwa mpiga picha ili sura ikatwe na kukuzwa. Jioni picha iko mbele ya jeneza, na chini yake pameandikwa jina lote, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Hakuna familia inayoweka sura ya mtu wao bila jina. Wageni wangeuliza: huyu ni nani, na kwa nini mmemficha?

Kuna picha nyingine za watu wa nchi hii ambazo hazijaulizwa swali hilo vya kutosha. Zilipigwa miaka ya mwanzo ya karne ya 20, kati ya Ziwa Edward, bonde la Semliki, mlima Ruwenzori na msitu wa Ituri. Wazungu walikuja na mamia ya wabebaji, mahema, bunduki na masanduku ya vioo vya kupigia picha. Walirudi kwao na sura za watu. Sura hizo zipo hadi leo, zimetunzwa kuliko karatasi nyingi za zamani zilizobaki Butembo au Beni. Ziko Biella huko Italia, ziko New York, ziko Tervuren karibu na Brussels, ziko ndani ya vitabu vizito vya Kijerumani. Kinachokosekana ni majina. Kazi ya kuyatafuta inapaswa kuanza sasa, na inapaswa kuanzia hapa.

Kwa Wanande jina linabeba habari nzima. Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kasereka ni wa tatu. Muhindo anaambia kila mtu kwamba kabla yake alizaliwa mtoto wa jinsia nyingine. Ukisikia jina tu, tayari unajua mtu huyo anakaa wapi katika mstari wa ndugu zake. Basi mtu aliyepigwa picha na chini yake kukaandikwa kabila peke yake ametolewa katika mstari huo. Amebaki kuwa mfano wa watu wa aina fulani, kama vile mtu anavyoonyesha jani la mti.

Mfano ulio karibu zaidi ni Ruwenzori, mlima ambao mtu wa Beni au Mutwanga anauona asubuhi mawingu yakifunguka. Tarehe 18 mwezi wa 6 mwaka 1906, Luigi Amedeo wa Savoia, Duke wa Abruzzi, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, alifika kwenye kilele chake kirefu kuliko vyote, mita 5,109. Alikuwa ameshuka melini Mombasa, akapanda treni hadi Ziwa Victoria, akavuka hadi Entebbe, kisha akatembea kwa miguu hadi Fort Portal na kupanda kwa bonde la Mobuku. Katika msafara wake alikuwamo Vittorio Sella, mmoja wa wapiga picha wa milima waliosifiwa sana duniani wakati ule. Kazi yake haikuwa rahisi. Kamera ilikuwa nzito, vioo vilikuwa vizito zaidi, na Ruwenzori ni mlima unaojifunika. Ilibidi kungoja, wakati mwingine siku nyingi, ili wingu liondoke kwa dakika chache.

Nani alibeba vioo hivyo? Wabebaji waliotoka mbali walishindwa na baridi, na huko juu mizigo ilipelekwa na Wakonjo, watu wa mlima wenyewe. Ni wao waliofikisha vitu hadi kambi ya Bujongolo, karibu mita 3,800, mahali ambapo usiku maji yanaganda. Msomaji atasema huo ni upande wa Uganda. Ni kweli, lakini mwaka 1906 wakubwa wa Ulaya walikuwa bado hawajakubaliana mpaka upite wapi juu ya mlima. Wakonjo na Wanande ni ukoo mmoja, wanasikilizana kwa lugha, na wanapeana majina yale yale ya kuzaliwa. Mbebaji wa Sella angeweza kuwa ndugu wa mtu aliyelima upande wa Mutwanga.

Kitabu kikubwa cha safari hiyo kilitoka mwaka 1908, kimeandikwa na Filippo De Filippi, ambaye mwenyewe hakupanda. Ndani yake viongozi wa milima walioletwa kutoka Italia wana majina kamili: Joseph Petigax na mwanawe Laurent, César Ollier, Joseph Brocherel. Vilele navyo vilipewa majina. Margherita ni malkia wa Italia. Alexandra ni malkia wa Uingereza. Mlima mmoja ukaitwa Stanley, mwingine Speke, mwingine Baker. Hata mpiga picha alipata sehemu yake: kuna kilele kinachoitwa Sella. Katika orodha yote hiyo hakuna kilele chenye jina la Mkonjo aliyebeba kamera. Na mlima ulikuwa na majina kabla ya hapo. Watu wake waliita theluji nzururu, na walijua kwamba huko juu ni kwa Kitasamba, ambaye mtu hamwendei ovyo.

Pamoja na hayo, ingekuwa kosa kuzichukia picha za Sella. Zimefanya kazi ambayo yeye mwenyewe hakuifikiria. Wataalamu wa hali ya hewa wanaotaka kujua barafu ya Ruwenzori imepungua kiasi gani wanaanzia kwenye picha na ramani za safari ile. Mwaka 1906 barafu ilikuwa zaidi ya kilomita sita za mraba. Ilipopimwa miaka ya mwanzo ya 2000, ilikuwa imebaki karibu kilomita moja tu, na tangu hapo imeendelea kuyeyuka. Mito inayoshuka kutoka Ruwenzori inaingia Semliki. Mkulima anayeuliza kwa nini misimu imevurugika anahitaji ushahidi huo, na ushahidi huo uko Biella, katika taasisi inayobeba jina la familia ya Sella.

Safari ya pili inaumiza zaidi. Miaka ya 1907 na 1908, Duke mwingine, Mjerumani Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alipita kutoka Bukoba hadi Rwanda, akafika kwenye volkano za Kivu, akazunguka Ziwa Edward, akashuka na bonde la Semliki hadi Beni, kisha akaelekea Ituri. Kitabu chake kilitoka Leipzig mwaka 1909 na kikatafsiriwa kwa Kiingereza. Ndani kuna tembo, simba, volkano, machifu na wachezaji ngoma. Kilipendwa sana.

Ndani ya msafara huo alikuwamo kijana wa Kipolandi, Jan Czekanowski, mtaalamu wa kupima miili ya watu. Alipima vichwa, pua, mikono na urefu wa maelfu ya watu. Aliwapiga picha kwa mtindo uliotakiwa na sayansi ya wakati ule: mara ya kwanza uso, mara ya pili ubavu. Leo hupigwa hivyo mtu aliyekamatwa na polisi. Mwaka 1911 ilitoka juzuu nzima ya picha zake, yenye watu wa nchi za maziwa makuu, Wambuti na watu wa msituni, wamepangwa kufuatana na aina. Mtu anayefungua kurasa hizo anakutana na macho yanayomtazama moja kwa moja. Wengine wamekasirika, na inaonekana. Wengine wamechoka kusimama.

Msafara huo haukurudi na picha peke yake. Ulipeleka Berlin mafuvu ya vichwa vya watu yapatayo elfu moja, mengi yakiwa ya Rwanda. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitoa matokeo ya uchunguzi juu ya mafuvu ya Afrika Mashariki inayoyatunza, na kwa machache kutoka Tanzania vipimo vya DNA viliwapata jamaa walio hai. Kamera na kisanduku cha mafuvu vilisafiri katika msafara mmoja, vikibebwa na mabega yale yale. Anayesema kwamba picha hizi ni ukumbusho tu wa zamani alitazame jambo hilo kwanza.

Kaskazini zaidi, Wamarekani walitumia muda mrefu kuliko wote. Herbert Lang na kijana James Chapin, waliotumwa na makumbusho ya viumbe ya New York, walifika Kongo mwaka 1909 wakitafuta okapi, na safari ikaendelea hadi 1915, Ituri na Uele. Lang alirudi na picha karibu elfu kumi. Ni picha nzuri, hilo halikatazwi kusemwa. Mfalme Okondo wa Wamangbetu anaonekana akicheza mbele ya watu wake, na jina lake limeandikwa. Wengi wanaomzunguka wana kabila tu. Sehemu kubwa ya picha za safari hiyo imewekwa kwenye intaneti, lakini kwa maelezo ya Kiingereza, na mtu wa Mambasa lazima kwanza anunue mega za kutosha ili kuwaona mababu zake.

Je, jina lina nguvu gani hasa? Nchi hii ina jibu lake. Mwaka 1904, huko Baringa, upande wa Equateur, mwanaume alifika kwenye misheni ya Waprotestanti akiwa amebeba mkono na mguu wa binti yake, vilivyobaki baada ya askari wa kampuni ya mpira kuishambulia familia yake. Mwingereza Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari, alimketisha barazani na kumpiga picha. Aliandika majina. Mwanaume ni Nsala. Binti ni Boali. Picha hiyo ilionyeshwa katika makanisa na kumbi za Uingereza na Marekani, na ni moja ya vitu vilivyomfanya mfalme Leopold II ashindwe kuendelea kukataa. Mwaka 1908 Kongo ilitolewa mikononi mwake. Mamia ya sura zilizopigwa Kongo miaka ile zimesahaulika, lakini Nsala bado anatajwa. Kamera ilikuwa ileile ya vioo. Tofauti ni kwamba mtu aliyeishika aliona mbele yake baba aliyefiwa, akamwuliza anaitwa nani.

Kuna watakaosema muda umepita, kwamba hakuna mzee wa Bulengera anayeweza kutambua uso wa mwaka 1908. Wana haki kwa sehemu. Lakini watazame Nigeria. Mwingereza Northcote Thomas alipiga picha za watu huko kati ya 1909 na 1913 kwa mtindo uleule wa uso na ubavu, kisha akaenda Sierra Leone. Miaka ya hivi karibuni watafiti walichukua nakala za picha hizo na kuzirudisha katika vijiji. Familia zikakutana na mababu ambao hazijawahi kuwaona. Hilo liliwezekana kwa sababu Thomas alikuwa na desturi ya kuandika majina, na koo zilikuwa bado zinakumbuka nani alimzaa nani. Huko Canada, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, vijana wa Inuit wanapeleka picha za zamani kwa wazee wao, na watu wengi waliokuwa hawana jina katika kumbukumbu za serikali wamelipata.

Hapa Butembo na Beni kazi ingefuata njia mbili. Kwa picha za zamani kabisa, mzee hatatambua sura, lakini atatambua mengine: kilima, umbo la nyumba, mtindo wa nywele, aina ya mkuki, kiti kinachoketiwa na chifu peke yake. Kutoka hapo mtu anafika kijijini, na kutoka kijijini anafika kwenye ukoo. Kwa picha za baadaye nafasi ni kubwa zaidi. Mwaka 1932 Wabelgiji walifanya safari yao ya utafiti wakiongozwa na Xavier de Grunne, wakapanda Ruwenzori kwa upande wa Kongo. Kati ya 1933 na 1935 Gaston de Witte alizunguka mbuga ya Albert, ambayo leo ni Virunga. Baba aliyebeba mzigo wa de Witte ana watoto walio hai. Wana miaka themanini, tisini. Wengine wako Bulengera hii hii.

Na hapo ndipo haraka inapotoka. Wazee hao hawakai tena mahali pao. Tangu 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza watu Oicha, Mbau, Eringeti na vijiji vingi. Upande wa kusini vita vimewasukuma watu wa Lubero hadi mjini. Nyumba zimechomwa na ndani yake kadi, vyeti, na zile picha mbili tatu za familia zilizokuwa zimefungwa kwenye plastiki juu ya kabati. Mzee mmhami wa vita anayelala katika chumba cha kuazima anabeba kichwani majina ya vizazi vinne, na hakuna anayemwuliza. Akifa, kijana anayetumwa kutafuta picha yake anarudi mikono mitupu.

Ni rahisi kusema kwamba wakati wa vita hakuna nafasi ya mambo ya makumbusho, kwamba watu wanataka usalama na unga. Wanataka usalama na unga, ndiyo. Lakini watu hao hao, wakiwa katika hali hiyo, hawazikani bila picha na jina. Wanajua wenyewe thamani yake.

Serikali ya Kongo imekwisha kufungua mlango mmoja. Februari 2022 Waziri Mkuu Sama Lukonde alipewa huko Brussels orodha ya vitu karibu 84,000 vya Kongo vilivyoko Tervuren. Juni mwaka uleule mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu, na mwezi uliofuata Ubelgiji ikapitisha sheria ya kurudisha vitu. Sheria hiyo haigusi mabaki ya binadamu wala nyaraka za kumbukumbu, na picha za zamani kwa kawaida hukaa upande wa nyaraka. Hilo ni pengo, na wabunge wa Kivu ya Kaskazini wanaweza kulisema kwa sauti. Vinyago vinaonekana vizuri kwenye televisheni. Picha ya mbebaji mwenye kikapu mgongoni haitaletwa na mfalme.

Tena picha zina urahisi ambao kinyago hakina. Nakala yake ikitengenezwa vizuri, Tervuren haipotezi kitu na Butembo inapata. Sella alifariki mwaka 1943, na kwa sheria za Ulaya haki ya mwandishi huisha miaka sabini baada ya kifo. Basi hakuna sababu ya chuo kikuu cha Butembo kulipishwa pesa nyingi ili kuona uso wa mtu wa Ruwenzori. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kinafundisha mjini hapa tangu 1989. Kinaweza kuandika barua Biella, New York, Tervuren na Berlin, kikaomba mambo mawili: nakala kubwa zinazoonyesha kila kitu, na daftari za safari, kwa sababu jina lisiloandikwa chini ya picha pengine limo katika daftari la mizigo au la mishahara.

Jambo moja lazima lisemwe kwa heshima. Picha nyingi zilipigwa bila ruhusa ya kweli. Kuna wanawake waliosimamishwa wakiwa wamefunuliwa kwa namna ambayo wajukuu wao hawatapenda kuiona ikizunguka kwenye simu za mji mzima. Tayari nyingine zinazunguka, na vijana wanaziongezea maneno ya kuchekesha. Familia ikimtambua mtu wake na kusema picha hii isionyeshwe hadharani, inapaswa kusikilizwa, hapa na kule New York. Makumbusho ambayo yako tayari kupokea jina bila kupokea katazo yatakuwa yamepiga picha ileile mara ya pili.

Kuanza hakuhitaji jengo. Kunahitaji wanafunzi wawili wanaosikia Kinande vizuri, bahasha yenye picha hamsini zilizochapwa, daftari, na pikipiki ya kwenda Mutwanga siku ambayo barabara ni salama. Siku ambayo si salama, wazee wa Bulengera wapo, na wahami wapo katika nyumba za jirani. Picha iwekwe mezani, mzee apewe miwani, aachwe aitazame hadi amalize. Akisema kitu, kiandikwe kwa lugha aliyokisemea.